Gari la Kupanda Kilima, na la Kushukia Pia

Safari hii nimeshika barua moja tu, nyingine zote nimeziweka kando, na wenyewe wanisamehe. Imetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Mwanza. Amejenga juu kilimani, upande wa Mabatini, kule ambako nyumba na mawe viligombania nafasi mpaka vikachoka vikaamua kuishi pamoja. Mkewe ni muuguzi, na zamu za usiku ni sehemu ya maisha yao. Wamepata mkopo kwenye chama chao cha akiba na mikopo, wanataka gari lao la kwanza.

Anaandika hivi: "Mzee wangu, shikamoo. Shemeji yangu anasema kwa kilima chetu nikinunua gari lisilo fowili nitakuwa nimenunua banda la kuku la magurudumu. Fundi wangu naye anasema fowili itanifilisi kabla mkopo haujaisha. Mimi nimfuate nani?"

Nimeipenda barua hii kwa sababu swali lake naliulizwa hata sokoni. Mtu anataka gari, kila anayekutana naye ana neno: usichukue la kuvuta mbele, halipandi, usichukue la kusukuma nyuma, litakuzungusha kwenye mvua, chukua fowili ulale usingizi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini ni ukweli uliokatwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Tuanze na mambo yenyewe. Injini hufanya kazi moja, kuzungusha. Nguvu hiyo lazima ipelekwe kwenye magurudumu, na tofauti tunayoizungumza ni kwamba inapelekwa kwenye magurudumu yapi. Vitz, IST, Raum, Spacio na Probox mnazoziona mjini, nyingi zake huvutwa na magurudumu ya mbele. Corolla ya sedani nayo ilihamia huko mwaka 1983; kabla ya hapo ilikuwa ya kusukumwa kwa nyuma. Wanaosukumwa kwa nyuma ni akina Hiace wetu wa daladala, Mark II, Crown, Kirikuu ya kubebea mizigo, na Noah ile ya kwanza iliyotengenezwa hadi mwaka 2001, yenye injini chini ya viti vya mbele. Noah iliyofuata ikahamia mbele. Halafu wapo wanaotumia yote manne: Subaru Forester, Land Cruiser, na ndugu zao wengi.

Watengenezaji hawakuhamia mbele kwa ajili ya milima ya Mwanza. Walifuata nafasi na gharama. Injini na giaboksi vikikaa pamoja mbele, hakuna propela shafti ndefu inayopita katikati, hakuna difu nyuma, sakafu inakuwa tambarare, gari linakuwa jepesi na linakula mafuta kidogo. Mini ya Waingereza ya mwaka 1959, iliyobuniwa na Alec Issigonis, ililaza injini kwa upande, na gari dogo likapata nafasi ya watu wanne. Magari madogo mengi tunayonunua leo kutoka Japani hufuata mpango unaofanana na huo.

Wala msiwacheke wa nyuma. Sisi tuliokuwa tukikesha na redio kusikiliza Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, tunakumbuka nani alikuwa akishinda kwenye matope. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978, nayo husukumwa kwa nyuma. Toyota Celica ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, ya nyuma pia. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1987, Hannu Mikkola na Audi yake, ndipo gari la magurudumu yote manne likachukua taji hilo. Kwa hiyo anayekuambia gari la nyuma halifai kwenye tope, mwambie akawaulize wale. Ila wale walikuwa madereva, na mimi na wewe tunaendesha tu.

Sasa turudi kilimani. Jumatano nilimfuata mwalimu kwake ili nione kwa macho yangu. Unaacha lami, unapanda barabara ya mawe yaliyopangwa, kazi nzuri kwa kweli, tairi linashika hata mvua ikinyesha. Halafu mawe yanaisha. Zinabaki kama hatua mia mbili za udongo mtupu mpaka mlangoni, ule udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, umelalia juu ya mwamba. Kiangazi hauna neno. Mvua ya vuli ikianza mwezi wa Oktoba, maji yanapita juu ya mwamba na udongo unateleza kama ugali uliomwagiwa mlenda.

Jirani yake ni fundi mwashi. Tulimwazima ubao wa mita moja na pima maji, tukauweka ubao sawasawa na kupima ncha moja ilivyoinuka kutoka ardhini: sentimita 20. Maana yake ukienda mita moja umepanda sentimita 20, au kwa lugha ya wahandisi mwinuko wa asilimia 20. Ni mkali. Shemeji alikuwepo, amesimama mikono kiunoni kama mwenye kesi aliyekwisha kushinda.

Nikachukua kijiti tukapiga hesabu mchangani. Ninyi mnaosoma gazetini mna nafasi ya kuirudia taratibu. Wale wa redioni niliwaonea huruma.

Kwenye mwinuko huo, kila kilo 100 za gari zinataka msukumo wa kilo 20 ili gari lisirudi nyuma. Nguvu ya injini ipo ya kutosha, hata Vitz inayo. Kinachokosekana ni mshiko. Tairi likikaa kwenye udongo uliolowa hivyo hushika kwa kadiri ya tatu ya kumi ya uzito unaolikandamiza. Basi swali linakuwa: katika kila kilo 100, ni ngapi zinakandamiza yale magurudumu yanayofanya kazi?

Gari la kuvuta mbele likiwa tambarare, dereva peke yake, lina kama kilo 60 mbele. Likielekea juu, uzito unarudi nyuma, zinabaki kama 55. Mpandishe mama na watoto kiti cha nyuma na gunia la mchele butini, zinafika 50. Tatu ya kumi ya 50 ni 15. Tunataka 20. Halipandi. Magurudumu ya mbele yatazunguka bure, yatachimba, na konda wa jirani atakuja kucheka.

La kusukuma nyuma lililojaa abiria, kama Hiace, linaweza kuwa na 60 nyuma. Tatu ya kumi ni 18. Limekaribia, na dereva mzoefu akiliingia kwa mwendo atapita. Ndiyo maana magari ya mizigo na abiria husukumwa kwa nyuma: kadiri unavyolipakia ndivyo linavyokanyaga. Kirikuu tupu ni hadithi nyingine, nyuma yake ni nyepesi na inacheza kama mkia wa mbwa.

La magurudumu manne linatumia 100 zote. Tatu ya kumi ni 30. Linahitaji 20, lina 30, linapanda likipiga mluzi.

"Nilisema mimi!" shemeji akapaza sauti, na majirani wakageuka.

Ni kweli, alisema. Lakini rudieni hesabu hiyo kwa siku kavu, tairi linaposhika sita ya kumi. Lile la mbele lenye 50 linapata 30, linapita vizuri. Kwenye mawe yaliyopangwa na kwenye lami, hata ikilowa, tairi zima hushika kiasi hichohicho au zaidi. Maana yake mwalimu anahitaji fowili kwa hatua mia mbili, siku za mvua tu. Siku nyingine zote za mwaka ataibeba bure: uzito wa kilo 50 hadi 100 zaidi, difu ya pili ya kubadilisha oili, na mafuta.

Madereva wa teksi wa kule juu wanayo mbinu yao. Gari la mbele likishindwa hulipandisha kinyumenyume. Injini inakuwa upande wa chini wa kilima, uzito unaielemea, na zile 55 zinakuwa kama 65. Tatu ya kumi ya 65 ni karibu 20, unaweza ukafika ukijaliwa. Ila pawe na mtu nyuma wa kuwaondoa watoto, na iwe mchana.

Hapo ndipo nikamuuliza shemeji: na kushuka? Akaniona kama mtu aliyeishiwa hoja. Kushuka, alisema, hata mkokoteni unashuka.

Basi nikamsimulia jambo ambalo sijawahi kulisema redioni.

Miaka mingi iliyopita niliazimwa fowili, mojawapo ya zile za zamani zenye kifimbo cha pili pembeni ya gia. Ilikuwa Novemba, mvua imekata dakika chache tu, nami nikapanda njia ya udongo kwenda kumwona mgonjwa upande wa Isamilo. Lilipanda kama mbuzi. Watu walisimama kutazama nami nikajisikia mtu. Wakati wa kurudi nilikuwa bado na kile kiburi mguuni. Katikati ya mteremko nikakanyaga breki. Magurudumu yote manne yalisimama, gari likaendelea. Chini palikuwa na bomba la maji, akina mama na watoto wamepanga ndoo. Nilipiga honi, wakatawanyika, isipokuwa binti mmoja wa miaka kama minane aliyerudi kuchukua ndoo yake ya njano. Nilizungusha usukani, gari halikusikia. Lililonisimamisha ni jiwe, moja ya yale mawe makubwa ya Mwanza tunayoyalaumu kwa kutunyima viwanja, lilikula pembe ya bampa na taa. Yule binti alikuwa mbali nami kama urefu wa mlango. Ndoo ilikuwa chini ya tairi.

Ndoo niliilipa. Bibi yake akaja, akanitazama, akalitazama gari, akasema, "Baba, lakini lilipanda vizuri."

Hesabu yake ni hii. Kila gari, la mbele, la nyuma, la yote manne, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Wakati wa kusimama hakuna aliye na fowili kumzidi mwenzake. Kwenye mteremko wetu wa asilimia 20, udongo umelowa, tairi zinashika 30 katika kila 100, lakini kilima kinalivuta gari kwa 20. Za kukusimamisha zinabaki 10. Ukiwa na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, tambarare ya udongo huohuo ungesimama kwa mita 21 tangu breki ziliposhika. Kilimani utahitaji zaidi ya mita 60. Ukiwa na mwendo wa kilomita 15 utasimama kwa mita 9. Vitz ni mita hizohizo, Land Cruiser ni mita hizohizo. Kinachobadili hesabu ni mwendo na tairi.

Sitaki kuwaonea wenye fowili. Zile zenye gia ndogo ya nguvu, ukiiweka na kuondoa mguu kwenye breki, injini yenyewe inalizuia gari kwa magurudumu yote na linashuka polepole. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ni lazima uitumie, na nyingi za magari madogo yanayouzwa kwa jina la fowili hazina gia hiyo. Hatari ya fowili ni kwamba inaficha utelezi. Gari la mbele linakuambia mapema, linakwama chini, unajua leo hapafai. Fowili linakubeba mpaka juu bila kukuambia kitu, halafu linakuachia wewe shughuli ya kushuka.

Nigusie na mserereko, maana barua nyingine zimeuliza. La mbele likikosa mshiko kwenye kona, hukataa kona na kwenda moja kwa moja. Ondoa mguu kwenye mafuta, usizidishe usukani, subiri lishike. La nyuma hutupa mkia nje. Geuzia usukani upande ule mkia unakokwenda, taratibu, na usikanyage breki kwa hofu. La manne huchelewa kuserereka, na likianza unakuwa umeshakwenda kasi mno.

Kuna wanaonunua fowili ambayo si fowili. RAV4, Harrier na X-Trail zipo zilizotoka kiwandani zikiwa za kuvuta mbele tu, na kwa nje zinafanana na pacha zake. Usisome maandishi ya nyuma, lala chini utazame. Katikati ya magurudumu ya nyuma ukiona difu, lile bonge la chuma kama chungu, na propela shafti inayolifuata kutoka mbele, nguvu inaweza kufika nyuma. Ukiona difu lakini propela haipo, mtu ameitoa akidhani anaokoa mafuta. Muulize muuzaji kwa nini. Ukiona hakuna difu wala propela, umeuziwa la mbele lenye umbo la fowili. Huenda ni gari zuri, lakini lisilipiwe bei ya jina.

Fowili za kudumu, kama Subaru, hazipendi tairi mchanganyiko. Ukifunga mbili mpya mbele na mbili kipara nyuma, mizunguko haiwi sawa, na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kinapigana na chenyewe siku nzima mpaka kinaungua. Kwa hiyo mwenye fowili hiyo anunue nne kwa mpigo. Zile za zamani za kifimbo nazo zisiendeshwe kwa magurudumu yote kwenye lami kavu, zinajifunga. Wa gari la mbele, kazi yake ni kutazama mipira ya shafti nyuma ya magurudumu ya mbele. Ikipasuka, mchanga unaingia, na baada ya muda ukikata kona utasikia tak, tak, tak. Mpira ni kitu kidogo, shafti si kitu kidogo.

Na mnaokwenda mbugani, Magu na Kwimba, kwenye ule udongo mweusi, msijidanganye. Mvua ikinyesha tope linajaza meno ya tairi, au kashata kama vijana wanavyoita, na tairi linakuwa laini kama chapati. Fowili yenye tairi za lami itachimba mashimo manne pale ambapo Probox ingechimba mawili. Mnaokwenda Sengerema mmepona. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, ni lami tu, gari lolote linafika.

Sasa jibu langu kwa mwalimu. Nilimwambia achukue gari dogo la kuvuta mbele, na ile tofauti ya bei asiitie kwenye redio wala viti vya ngozi. Anunue tairi nne mpya zenye meno ya kina. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa milimita 1.6, lakini kwa kilima kile mimi ningezitoa mapema zaidi. Aweke pedi za breki mpya. Kiangazi alifikishe mlangoni. Siku ya mvua aliache pale mawe yanapoishia, ambapo kuna duka na mwenye duka ana uwanja.

Mwalimu alinyamaza. Nilimwona hakupenda, mtu akijenga juu kwa miaka tisa, tofali kwa tofali, anataka gari lake lilale mlangoni. Mkewe alikuwa ametoka zamuni asubuhi ile, macho mekundu, anatusikiliza akiwa kizingitini. Akauliza, "Kwani hizo hatua mia mbili si ndizo ninazotembea kila siku?" Kisha akaenda kulala.

Shemeji hakukubali, na hadi ninapoandika haya hajakubali. Anasema mvua ya usiku haichagui, na mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku nitamwambia ashuke kwa miguu? Ni hoja nzito, nami sikuwa na jibu zaidi ya kwamba saa nane za usiku, mvua ikinyesha, mimi ningemshusha mgonjwa huyo mgongoni mpaka kwenye mawe.

Jumamosi mwalimu anakwenda kutazama IST moja mjini. Nimemwambia asivae suruali ya shule, na aende na boksi kubwa la kulalia chini ya gari.